Ini Lenye Mafuta na Afya ya Akili

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na likiwa zima mafuta yaliyomo ndani yake ni kidogo sana. Mafuta yakionekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli zake, mtu huyo huhesabiwa kuwa na ini lenye mafuta. Duniani kote zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya wanne anakadiriwa kuwa na hali hii, na wengi hawana habari, kwa sababu ini halitoi malalamiko mapema. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati: mtu amekwenda kupimwa utrasaundi kwa ajili ya maumivu mengine ya tumbo, na kwenye kioo ini linatokea jeupe kuliko figo iliyo jirani yake.

Wengi wakiambiwa wana mafuta kwenye ini hudhani wameambiwa wana homa ya ini. Hayo ni maradhi mawili tofauti. Homa ya ini ya aina B na C husababishwa na virusi na huambukiza. Mafuta hayamwambukizi mtu. Yapo yanayoletwa na pombe, na yapo yanayotokana na mwili kushindwa kuitumia vizuri sukari na mafuta ya chakula. Haya ya pili huandamana na kitambi, kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na mafuta mengi kwenye damu. Kwa walio wengi mafuta hubaki mafuta tu. Kwa wengine ini huvimba, seli huumia, makovu hutanda, na baada ya miaka mingi ini husinyaa au huota saratani.

Sonona hupatikana zaidi kwa wenye ini lenye mafuta kuliko kwa watu wengine, na wenye sonona nao hupata mafuta kwenye ini zaidi ya wenzao. Kuonekana pamoja peke yake hakuthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine, kwani unene na kisukari huweza kuyaleta yote mawili. Hata hivyo njia kadhaa zinazounganisha ini na ubongo zinajulikana, na zinapitika kwa pande zote mbili.

Njia iliyochunguzwa zaidi ni ile ya uvimbe wa ndani. Ini lililojaa mafuta na kuanza kuumia humwaga kwenye damu kemikali zile zile ambazo mwili huzitumia kupambana na vijidudu. Kemikali hizo hufika hadi kwenye ubongo. Kila aliyewahi kuugua malaria anaijua kazi yake: hamu ya chakula hupotea, mazungumzo huchosha, mtu hutaka alale tu na asisumbuliwe. Malaria ikitibiwa huisha kwa siku chache. Ini lenye mafuta huweza kumwaga kemikali hizo kwa kiasi kidogo miaka nenda rudi.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulitoka kwenye ugonjwa mwingine wa ini. Kabla ya vidonge vya sasa, homa ya ini ya aina C ilitibiwa kwa sindano za interferoni, ambayo ni mojawapo ya kemikali hizo za kinga. Takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alipata sonona akiwa kwenye matibabu, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kuugua maradhi ya akili. Uchunguzi ulionyesha kwamba interferoni huielekeza triptofani, malighafi ambayo ubongo huitumia kutengeneza serotonini, kwenye njia nyingine, ikazalisha kemikali ambazo baadhi yake huusumbua ubongo. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba tangu ini lilipoharibika hana furaha na chochote anastahili kusikilizwa. Ni kosa kumjibu kwamba ajikaze.

Insulini nayo ina sehemu yake. Homoni hii hufanya kazi hata kwenye ubongo, ikishiriki katika kumbukumbu na hamu ya chakula, na mwili unapokuwa sugu kwake, ini hujaa mafuta na ubongo nao huathirika. Usingizi mbaya huongeza tatizo, hasa kwa watu wanene wanaokoroma na kukatika pumzi usiku: huamka wamechoka, na uchovu ndio malalamiko ya kawaida kabisa ya mwenye ini lenye mafuta.

Kutoka upande wa akili kwenda kwenye ini, njia ni rahisi kuonekana. Sonona humfungia mtu ndani, humnyima usingizi na humsukuma kwenye vyakula vya kujiliwaza, kama soda, chipsi na maandazi, au kwenye pombe. Nusu lita ya soda ya kawaida ina gramu 50 hivi za sukari, na karibu nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, ambayo mzigo wake mkubwa hubebwa na ini. Msongo wa muda mrefu nao hupandisha kotisoli, homoni inayolimbikiza mafuta tumboni.

Kisha kuna dawa. Olanzapini na klozapini, zinazotumika kwa skizofrenia, na sodiamu valproeti, inayotumika kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia mseto, zimewaokoa watu wengi. Dawa hizo hizo huongeza uzito, tena haraka. Kijana aliyetulia baada ya kuanza olanzapini huona suruali zinambana ndani ya miezi michache, huona aibu, huacha vidonge bila kumwambia mtu, na ugonjwa hurudi. Ndiyo maana uzito, kiuno, sukari na mafuta ya damu vinapaswa kupimwa siku dawa inapoanza na kurudiwa mara kwa mara. Dawa huweza kubadilishwa, au metifomini ikaongezwa ili kuzuia uzito usipande. Mizani ni kifaa cha bei nafuu, na kliniki ya afya ya akili isiyokuwa nayo inamkosea mgonjwa.

Ini likisinyaa, uhusiano wake na akili huwa wa wazi kabisa. Amonia inayotoka kwenye utumbo, ambayo ini lilikuwa likiisafisha, hufika kwenye ubongo. Familia huona kwanza kwamba mgonjwa analala mchana na kukesha usiku, kisha mwandiko unaharibika, maneno hayaeleweki, anakasirika bila sababu. Akiambiwa anyooshe mikono mbele na kukunja viganja kuelekea juu, viganja hupigapiga kama mbawa. Wapo wanaodhani amerogwa au amepata wazimu, na siku za thamani hupotea. Hali hii hutibika: laktulosi, sharubati inayolainisha choo, hutolewa kwa kipimo cha kumfanya apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku, na amonia hupungua.

Aibu nayo ni mzigo. Asiyewahi kuonja pombe huitwa mlevi kwa sababu ini lake limeharibika. Ni sehemu ya sababu iliyowafanya wataalamu wa ini wa kimataifa mwaka 2023 kuliacha jina la zamani la Kiingereza la ugonjwa huu.

Matibabu ya msingi ni kupunguza uzito. Kupungua kwa asilimia 5 hupunguza mafuta ya ini, na asilimia 10 huweza kurudisha nyuma hata makovu. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 9. Mwenye sonona hawezi safari hiyo kwa kuhimizwa tu, kwa hiyo akili itibiwe sambamba na ini. Dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika Kenya na Tanzania, humtambua kwa dakika chache. Mwendo wa miguu wa kila siku hufaa kuliko watu wanavyodhani: hupunguza mafuta ya ini hata kabla uzito haujashuka, na huinua hali ya moyo.

Marekani iliidhinisha resmetiromu mwaka 2024 na semaglutidi mwaka 2025 kwa ini lililokwisha kupata makovu, ingawa bei zake bado ziko mbali na mwananchi wa kawaida. Dawa za mitishamba zinazouzwa kwa jina la kusafisha ini hazina uthibitisho, na baadhi huliumiza. Dawa za sonona kama setralini kwa kawaida hutumika bila shida kwa mwenye ini lenye mafuta. Ini likishasinyaa kipimo hupunguzwa, na duloksetini huepukwa.