Rubavu: Kwa nini mchoro wa bango huharibika unapohama kutoka programu moja hadi nyingine

Mchoro uliopendeza kwenye kompyuta ya msanifu mjini Gisenyi huweza kumfikia mchapaji ukiwa na herufi zisizo zake, vivuli vilivyogeuka madoa meusi, na upana uliopungua kwa robo nzima. Mchapaji hulilaumu faili, msanifu huilaumu mashine, na mwenye duka aliyekwisha kutoa malipo ya awali hubaki na kipande cha turubai kisichofaa kutundikwa mlangoni.

Katika mji huu ulio kando ya Ziwa Kivu, kibao kimoja huweza kubeba lugha tatu. Mpaka wa Goma uko hatua chache tu, na wateja huvuka kwa miguu kupitia Petite Barrière. Kinyarwanda na Kifaransa vinasomwa na wengi, na Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, ndicho kinachowaunganisha wafanyabiashara wa pande zote mbili. Msanifu huenda anatumia Adobe Illustrator, mchapaji ana CorelDRAW, na kijana anayejifunza kazi ameweka Inkscape kwa kuwa haina malipo. Hapo ndipo matatizo huanzia.

Picha ya simu imeundwa kwa vitone vingi vya rangi. Ukiikuza mno, vitone huonekana. Mchoro wa vekta haubebi vitone bali maagizo: mstari uanzie hapa, upinde pale, eneo hili lijazwe kijani. Kwa sababu hiyo nembo ileile hutosha kwenye kadi ya biashara na kwenye ukuta wa ghala. Lakini maagizo hayo kila programu huyaandika kwa lahaja yake. Illustrator ilianza mwaka 1987 na ina mafaili ya AI. CorelDRAW ilifuata mwaka 1989 na mafaili ya CDR. Inkscape, iliyozaliwa mwaka 2003, hutumia SVG, ambao ni mfumo wa wazi uliopitishwa na shirika la W3C mwaka 2001. Muundo wa CDR ulifumbuliwa na watengenezaji wa programu huria kwa kuyachunguza mafaili yenyewe, hivyo si ajabu faili la toleo jipya likafunguka nusu au likakataa kabisa.

Faili la AI lina siri yake. Tangu toleo la 9 la mwaka 2000, ndani yake huweza kuwamo vitu viwili: kumbukumbu za Illustrator yenyewe, na nakala ya PDF. Programu ngeni husoma ile nakala. Msanifu akiondoa alama kwenye kisanduku cha kuhifadhi pamoja na PDF, labda kwa nia ya kupunguza uzito wa faili, mchapaji atafungua ukurasa wenye maneno ya onyo badala ya mchoro. Dawa iko kwa mtumaji: alifungue tena, arudishe alama, ahifadhi upya. Kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili, kutoka AI kuwa PDF au CDR, hakubadilishi kilichomo ndani, ingawa wengi hujaribu.

Hasara kubwa zaidi hutokana na maandishi. Kwa kawaida faili la mchoro hubeba jina la fonti, si fonti yenyewe. Kompyuta ya mchapaji isipokuwa nayo, huweka nyingine badala yake, na kwa kuwa herufi za fonti hiyo huenda ni pana zaidi, sentensi hurefuka. Tarakimu ya mwisho ya nambari ya kulipia kwa simu husukumwa nje ya ukingo, na hakuna anayetambua hadi malipo ya mteja yanapokwama. Fonti za bure zisizo kamili nazo huleta msiba wao: neno la Kifaransa kama «Santé» hutokea na kisanduku tupu mahali pa é, na bucha linalotangaza nyama ya ng'ombe hupoteza kile kiapostrofi, ambacho Kinyarwanda pia hukitumia sana.

Njia salama ni kuyageuza maandishi kuwa maumbo kabla ya kutuma. Kwenye CorelDRAW ni Ctrl na Q. Kwenye Illustrator ni Ctrl, Shift na O. Kwenye Inkscape ni Shift, Ctrl na C. Baada ya hapo herufi ni michoro mitupu na hazihitaji fonti, ila pia haziwezi kusahihishwa kwa kuandika. Basi nakala ya asili ihifadhiwe kando, na kila lugha isomwe na anayeijua kabla ya vitufe hivyo kubonyezwa. Hatua hii ya kusoma ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo isiyogharimu chochote.

Upungufu wa vipimo una hesabu yake. Illustrator huhesabu vipimo 72 kwa kila inchi, ilhali Inkscape, tangu toleo la 0.92 la Januari 2017, huhesabu 96. Kwa hiyo bango la mita 2 lililotoka Illustrator kama SVG mara nyingi hufunguka Inkscape likiwa na mita 1.5. Kabla ya toleo hilo Inkscape ilihesabu 90, kwa hiyo michoro ya zamani nayo huweza kupungua, lakini kidogo. Msanifu akichora mraba wa sentimita 10 pembeni mwa kazi, mpokeaji ataupima: ukisoma 7.5, mchoro wote ukuzwe hadi asilimia 133.33. Unene wa mistari nao ukuzwe pamoja, la sivyo fremu itaonekana kama uzi.

Rangi ni suala la kioo na wino. Kioo huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine nyingi huchanganya wino nne, na buluu kali ya kioo huweza kuegemea zambarau kwenye turubai. Vivuli na sehemu zinazopitisha mwanga husalimika zaidi katika PDF ya aina ya X-4 kuliko X-1a, ambayo huzibana sehemu hizo kuwa tabaka moja.

Kinachotumwa, basi, kiwe PDF yenye maandishi yaliyogeuzwa, pamoja na faili la asili na picha ndogo inayoonyesha kazi inavyopaswa kuonekana. Kwenye WhatsApp kazi hiyo itumwe kama hati, kwa kuwa ikitumwa kama picha hubanwa na kuwa vitone tu. Picha iliyowekwa ndani ya PDF haigeuki vekta. Ukiikuza mara 20 na kingo zikaonyesha ngazi, mchoro wa asili haumo. Ile picha ndogo mchapaji huiweka kando ya kioo na kulinganisha herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kuiwasha mashine.