Cheti na Malezi katika Mwambao wa Waswahili

Kwa Waswahili wa mwambao, toka Lamu hadi Kilwa na visiwani, mtoto alifundishwa mahali pengi kabla serikali za kikoloni hazijajenga shule. Chuoni alisoma dini. Barazani na jikoni alijifunza kukaa na watu. Jandoni au unyagoni alitolewa utoto. Na kwa fundi alipata kazi ya mikono. Hapakuwa na hata mahali pamoja palipodai kumkamilisha mtu peke yake.

Chuo kilikuwa mara nyingi ukumbi wa nyumba ya mwalimu. Mtoto alianza na alifu, be, te, akaandika ubaoni kwa wino, kisha akaingia juzuu ya Amma na kuendelea mpaka kuhitimu Kurani. Kukariri kulikuwa kwingi, na bakora pia, tena wengi walihitimu bila kujua maana ya walichokisoma. Hata hivyo mwalimu hakuhesabiwa kuwa amemaliza kazi kwa sababu tu mtoto anasoma vizuri. Aliyehitimu akapita mbele ya wazee bila kuwaamkia aliwatia aibu mwalimu na mzazi wake pamoja.

Mafunzo ya utu uzima yalikuwa na walimu wengine. Wavulana walikuwa na ngariba na kungwi, wasichana walikuwa na somo, na mengi yalifundishwa kwa ngoma, nyimbo na mafumbo ambayo mwari alitakiwa kuyafumbua mwenyewe. Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, maarufu kama Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini kwao alikuwa pia mwalimu wa unyago. Nasaha za namna hiyo ziliweza hata kuandikwa: Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi kuhusu dini, ndoa na mwenendo katikati ya karne ya 19. Baadhi ya mafunzo hayo yaliwahimiza wasichana kuolewa mapema mno, na hilo halina utetezi.

Kwa fundi, mafunzo yalikwenda polepole zaidi. Huko Matondoni, kisiwani Lamu, kijana anayetaka kuunda majahazi huanza na kazi ndogo, kama kushika mbao na kutia kalafati, muda mrefu kabla ya kuachiwa tezo. Fundi mkuu huunda chombo bila mchoro, kwa jicho na kumbukumbu. Hana karatasi ya kuonyesha ujuzi wake; chombo kikivuja, kila mtu atajua.

Shule ya serikali ilikuja na shabaha nyingine. Wajerumani walifungua ya kwanza Tanga katika miaka ya 1890, wakihitaji makarani, walimu na maakida. Wazazi wengi waliihofia, lakini mshahara ulishinda hofu. Tangu hapo cheti kikawa mlango wa kazi, na mtoto akagawanywa: asubuhi shuleni, alasiri chuoni. Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, kwamba shule ya kikoloni ilimtenga mwanafunzi na jamii yake na kumfanya aamini kuwa maarifa yamo vitabuni na kwa waliosoma tu. Shule za Tanzania zikalima mashamba, ingawa mara nyingi jembe liligeuka kuwa adhabu ya watoro.

Lakini kuwapambanisha msomi na mlezi ni kosa. Mwandishi Shaaban Robert alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, akawa karani wa forodha, na hakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Kalamu aliipata shuleni. Nasaha za adabu na utu zilizojaa katika maandishi yake ni zile za barazani.

Mizani hiyo ya elimu na malezi bado inatumika. Posa ikiletwa leo Mombasa au Unguja, ukoo huuliza kijana amesoma hadi wapi na anafanya kazi gani. Kisha hutumwa mtu mtaani na msikitini kwao kuulizia tabia yake, na jibu la majirani likiwa baya, shahada haimsaidii.