Tela Lililozidi Uzito: Hatari Barabarani na Deni Baada ya Ajali

Tela lina vikomo viwili vya uzito: kile ambacho chasisi na magurudumu yake yanaweza kubeba, na kile ambacho gari linalolivuta linaweza kumudu. Kinachofuatwa ni kilicho kidogo. Mikinduri, katika milima ya Nyambene upande wa Tigania Mashariki, mara nyingi mizigo ya shamba na ya ujenzi hupimwa kwa macho tu: nafasi ikibaki, huongezwa. Macho hudanganya. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban tani 1.6, na mchanga ulionyeshewa huzidi hapo. Mita mbili zimekwisha kupita tani 3, kabla tela lenyewe halijahesabiwa. Toyota Hilux za dizeli za miaka ya karibuni, zile zenye nguvu zaidi, huruhusiwa na watengenezaji kuvuta hadi tani 3.5, ila kwa sharti kwamba tela liwe na breki zake. Likiwa halina, kikomo hushuka hadi kilo 750. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa na yeyote anayemwagiza fundi amchomelee tela.

Mlimani injini huonyesha mapema kwamba imelemewa. Mteremkoni hakuna onyo kama hilo. Mzigo husukuma gari kwa nyuma, dereva hukanyaga breki mfululizo, breki hushika moto, na mafuta yake yakichemka kanyagio huzama bila gari kusimama. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati inayopaswa kuzuiwa huwa mara nne. Kwa hiyo gia ndogo huwekwa kabla ya mteremko, si katikati yake. Ukali wa miteremko ya eneo hili unajulikana: Julai 2022, basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, barabara ya Meru kwenda Embu, na watu zaidi ya 30 wakafa.

Hata uzito halali huleta balaa ukipangwa vibaya. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela hufaa ikae kwenye ndoano. Mzigo ukirundikwa nyuma, tela huanza kuyumba kushoto na kulia. Ukizidi mbele, magurudumu ya mbele ya gari hupoteza mshiko na usukani hautii.

Ajali ikitokea, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inayohusu bima ya lazima ya magari, humlinda aliyeumia. Kampuni ya bima haiwezi kumnyima fidia kwa hoja kwamba mzigo ulizidi kiwango cha mkataba. Lakini ikishalipa, inaweza kumdai mwenye gari fedha hizo. Wajibu wa kampuni kwa mdai mmoja hukomea shilingi milioni 3. Mahakama ikiamuru zaidi, salio ni la mwenye gari, hata kama usukani ulishikwa na dereva aliyemwajiri. Tena bima hiyo ya lazima inahusu vifo na majeraha tu. Ukuta wa duka uliobomolewa, gari la mwingine lililopondwa na mzigo uliomwagika havimo, isipokuwa kwa bima pana aliyoinunua mwenyewe, na hiyo kampuni inaweza kuikataa kwa sababu ya uzito.