Likasi: Bomba jipya la moshi laipa gari nguvu, kazi mbaya yaweza kuua

Kati ya Likasi na Lubumbashi kuna kilomita karibu 120, na dereva anayependa mbio anatamani motere yenye nguvu. Njia moja ni kubadilisha mabomba yanayopokea moshi kwenye motere.

Bomba la kiwandani, la chuma cha kumimina, linabananisha moshi wa silinda zote. Yale mapya yanaipa kila silinda njia yake, kisha yanaungana mbele. Moshi uliotangulia unavuta unaofuata.

Kazi inataka subira. Motere ipoe, waya ya betri itolewe. Buloni zenye kutu zilowekwe mafuta, la sivyo zinakatikia ndani na gharama inapanda. Jointi ya zamani isirudishwe. Buloni zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni.

Hatari iko kwenye tundu dogo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Ikiingia ndani ya gari, abiria wanasinzia, hata kufa. Kabla ya safari, fundi apake maji ya sabuni kwenye maungio mara tu motere baridi inapowashwa. Povu likitokea, moshi unavuja: gari lisitoke garaji.