Mlima wa Kaloleni hauombi chumvi

Wiki hii nimeulizwa tena: "Daktari, nilambe chumvi kiasi gani ili misuli isinikaze?" Safari hii muulizaji ni kijana aliyeshindwa na baiskeli kabla ya kufika Kaloleni. Shavu la mguu lilikuwa limefanya fundo gumu kama kokwa la embe, na wenzake walikuwa wameshamtia kinywani chumvi ya mawe waliyoibeba kwenye karatasi. Nilimjibu kama ninavyojibu kila mara: hakuna kiasi. Ulize jambo jingine.

Mimi ni tabibu wa viungo, na mzunguko huo wa Kaloleni naupiga mwenyewe kwa baiskeli. Unatoka Mombasa saa kumi na moja alfajiri, unavuka daraja la Nyali, kisha la Mtwapa, unapita mashamba ya mkonge ya Vipingo, na pale Mavueni, kabla hujafika daraja la Kilifi, unakunja kushoto na kuipa bahari kisogo. Kuanzia hapo barabara inapanda na kushuka katikati ya minazi hadi Kaloleni, inateremkia Mariakani, na unarudi mjini kwa barabara kuu ya Nairobi ukipishana na malori. Yapata kilomita 150. Sasa niambieni: mbona msuli haukazi Mtwapa wala Vipingo, ila kwenye ile milima ya baada ya Mavueni?

Mtasema ni kwa sababu jasho limeshatoka jingi. Basi tuitazame kalenda. Ingekuwa ni jasho, wagonjwa wangejaa Februari, wakati wa kaskazi, jua linapochoma tangu saa mbili asubuhi. Lakini watu ninaowanyoosha misuli kando ya barabara ile ni wengi zaidi Julai na Agosti, miezi ambayo Pwani kuna ubaridi na mawingu. Sababu naijua kwa miguu yangu. Julai ni msimu wa kusi, na kusi humsukuma mgongoni anayeelekea Kilifi. Mtu anakwenda kasi ambayo si yake, anadhani leo ana nguvu, na kilomita hamsini za mwanzo anazimaliza akiwa ameshatumia akiba ya siku nzima. Akikunja Mavueni upepo unamwia wa ubavuni, mlima unaanza, naye hapunguzi kasi kwa kuwa wenzake hawapunguzi. Dakika ishirini baadaye yuko chini amekamata mguu.

Nataka tulimalize jambo hili la chumvi, kwa hiyo nivumilieni. Jasho huchota chumvi kutoka katika damu, na damu ni moja, inapita kila msuli. Kama damu imepungukiwa na chumvi, mbona taya halikazi, wala mkono, wala mgongo? Unakaza msuli uleule uliokuwa ukikanyaga pedali. Tena jasho lina chumvi kidogo kuliko damu. Anayetoka jasho bila kunywa kitu, chumvi katika damu yake haizimuki, inazidi kukolea. Na la tatu, ambalo kila mmoja wenu amelishuhudia: mwenzako akikukunja wayo kuelekea kwenye goti, msuli unalegea papo hapo. Je, chumvi imeingilia wapi hapo?

Haya si maneno yangu peke yangu. Martin Schwellnus na wenzake wa Afrika Kusini waliwafuatilia wanamichezo 210 wa Ironman, shindano la kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kukimbia marathoni, na matokeo yao yalichapishwa 2011. Waliokazwa na misuli walikuwa 43. Upungufu wa maji mwilini na kiwango cha chumvi katika damu havikuwatofautisha na wale wengine. Kilichowatofautisha ni mwendo wa kasi zaidi, na historia ya kuwahi kukazwa.

Imani hii ilitoka wapi? Ilitoka mahali pa kweli. Miaka ya 1920 wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakitoka jasho kutwa nzima ndani ya migodi yenye joto kali, wanakunywa maji matupu kwa wingi, na misuli yao ikawa inakaza. Maji yenye chumvi yaliwafaa. Lakini mchimba migodi wa zamu nzima, siku baada ya siku, si sawa na mtu anayetoka Nyali Jumamosi asubuhi na mahamri mawili na mbaazi tumboni. Dawa ya wale imehamishiwa kwa hawa bila yeyote kuuliza kama ugonjwa ni uleule.

Mtaniambia: lakini daktari, nililamba na ikaondoka. Nawaamini. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliukaza msuli mdogo wa wayo kwa umeme, wakawanywesha watu maji ya achari ya matango. Msuli ulilegea mapema kuliko kwa waliokunywa maji ya kawaida, na ulilegea kabla kinywaji kile hakijapata muda wa kuingia katika damu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ule ukali huishtua mishipa ya fahamu ya kinywa na koo, nayo hupeleka habari inayotuliza amri ya kukaza. Dalili inatulia tu. Uchovu ulioileta uko palepale, na ukipanda baiskeli kwa kasi ileile, msuli utakukamata tena kabla ya mlima kwisha.

Ndizi je? Kuleni, ni chakula kizuri, lakini madini ya potasiamu ya ndizi huchukua hadi saa nzima kuonekana katika damu, tena kwa kiasi kidogo. Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu, yaani madini ya chumvi, kidogo, na kwa jasho mwili hupoteza zaidi sodiamu. Kunywa dafu kwa kuwa ni tamu. Na yule anayefunga paja kwa mpira wa tyubu aache leo.

Kinachonikasirisha hasa ni pacha wa imani hii: "kunywa maji kwa wingi hata kama huna kiu." Hili linaua. Katika marathoni ya Boston ya 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni, na asilimia 13 walikutwa sodiamu imeshuka kupita kiasi. Alama kubwa iliyowaunganisha ni kuongezeka uzito njiani, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Ubongo huvimba kwa maji hayo. Anayefika Mariakani amevimba vidole, kichwa kinamgonga, anatapika na kuongea ovyo, msimwongezee chupa nyingine. Mpelekeni hospitali.

Msuli hukaza hivi. Ndani yake kuna vihisi vinavyouhimiza ukaze, na penye kano kuna vingine vinavyouambia ulegee. Msuli uliochoka huhimizwa zaidi na kutulizwa kidogo, hasa ukifanya kazi huku umefupika, kama shavu la mguu la mtu anayekanyaga pedali vidole vikielekea chini. Ukiuvuta, kano inanyooka, na sauti ya kulegea inasikika tena.

Kwa hiyo, fanyeni hivi. Hadi Mavueni endesha kwa kasi inayokuruhusu kuongea sentensi nzima. Kusi likikusukuma, kanyaga kwa wepesi na usione haya kupitwa. Kula kabla ya njaa: kiazi, hamri au ndizi kila nusu saa hivi. Kunywa ukisikia kiu. Chumvi ya chakula chako yatosha. Ingia gia nyepesi kabla mlima haujaanza. Kiti kipandishwe au kishushwe hadi goti libaki na mkunjo mdogo pedali ikiwa chini kabisa. Kama hujawahi kufika kilomita 100, usianze na 150. Msuli ukikaza, shuka, bana kisigino chini, inama mbele taratibu, shikilia nusu dakika, rudia, kisha endelea polepole.

Wanaokazwa wakiwa wamelala au wamekaa, wenye mimba, na wanaotumia dawa za presha zinazokojoza, waje tuonane. Yao ni habari nyingine. Na mkojo ukitoka umekolea kama mkandaa baada ya safari, msuli umeharibika na figo ziko hatarini. Hapo usingoje kesho.