Fahamu: Nani humtetea mnyama anayeteswa Moshi?

Sheria inasemaje?
Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi au kumnyima chakula na maji.

Uanzie wapi?
Kwa afisa mifugo wa kata au polisi. Eleza mahali, siku na ulichokiona, picha husaidia.

Mkaguzi hutazama nini?
Vidonda vya kamba, mbavu zilizotokeza, kwato na maji. Kwenye vihamba vya Wachaga, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ng'ombe hulishwa bandani, hivyo sakafu yenye tope na giza ni dalili mbaya. Si kila kasoro ni ukatili: mfugaji asiyejua huelekezwa, anayekaidi hushtakiwa.

Je, punda?
Biashara ya ngozi ilichochea wizi na uchinjaji holela. Tanzania ilipiga marufuku kuwachinja Desemba 2021. Umoja wa Afrika ukafuata Februari 2024, kwa miaka 15.

Na mnyamapori aliyejeruhiwa?
Usimfuge, ni kosa bila kibali. Taarifu mamlaka za wanyamapori. Kituo cha shamba la Makoa, upande wa Machame, huwatibu walioumia na kuwalea yatima.