Kidole Kimoja Hakitoi Bingwa

Ndugu msikilizaji, ukishuka Mbezi Luis wakati wa jioni huwezi kukosa kijiwe cha drafti, karata au keram. Vijana wameuzunguka ubao, poda imenyunyizwa, kete zinagongana. Mpita njia atawaita wavivu. Lakini katika kila kijiwe cha keram yuko mmoja ambaye mtaa mzima unajua kwamba hafungwi kirahisi. Je, kijana wa namna hiyo anaweza kuwa bingwa wa taifa, au hata wa dunia?

Jibu tulitafute India, ambako keram ni mchezo wa kila mtaa. Katika jiji la Chennai alitoka Maria Irudayam, aliyekuwa bingwa wa taifa mara tisa. Mwaka 1991 alitwaa ubingwa wa dunia, akautwaa tena mwaka 1995. Mwaka 1996 serikali ya India ikamtunuku tuzo ya Arjuna, ambayo hutolewa kwa wanamichezo wake bora.

Kidole alikuwa nacho, hakuna ubishi. Lakini vidole vyepesi viko vijiwe vyote. Irudayam alikuwa pia na ngazi ya kupandia. Shirikisho la keram la India liliundwa mwaka 1956, na lile la kimataifa mwaka 1988.

Sasa shirikisho linafanya nini? Kwanza, linaweka sheria moja. Vijiweni kila mtaa una sheria zake, na ugomvi hauishi. Katika mashindano rasmi, eneo la kuchezea lina upande wa sentimita 73.5 hadi 74. Kete nyeupe ni 9, nyeusi 9, na nyekundu, yaani malkia, ni moja. Kete ya kupigia haizidi gramu 15. Anayemaliza kete zake kwanza hupata pointi moja kwa kila kete ya mpinzani iliyobaki ubaoni. Malkia ana pointi 3, ila mchezaji akishafikisha pointi 22 malkia hamwongezei kitu. Mchezo huisha kwa pointi 25, au baada ya mikono minane. Kwa utaratibu huo, ushindi wa Chennai unaeleweka vilevile Colombo na London.

Pili, linatunza kumbukumbu: nani kamfunga nani, lini na kwa pointi ngapi. Tatu, linapanga mashindano ya kutoka mtaani hadi taifa, ili anayeshinda ajue anakwenda wapi.

Matunda yake yameonekana hata miaka ya karibuni. Mwaka 2024, katika Kombe la Dunia lililofanyika Marekani, msichana wa miaka 17 kutoka Chennai, M. Khazima, alirudi nyumbani na medali tatu za dhahabu. Baba yake, aliyemfundisha mchezo, ni dereva wa bajaji. Serikali ya jimbo la Tamil Nadu ikamzawadia rupia milioni 10. Binti wa dereva wa bajaji, ndugu msikilizaji! Na bajaji Mbezi Luis si haba.

Kwetu mlango haukufungwa. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na yuko msajili wa vyama vya michezo. Lakini msajili hawezi kusajili kelele za kijiweni. Anahitaji katiba, viongozi na wanachama. Kazi hiyo inaweza kuanza na daftari la shilingi chache: kijiwe kiandike sheria zake, kipime ubao wake, kiandike matokeo ya kila Jumamosi, kisha kialike kijiwe cha Kimara au Temeke.

Bila daftari hilo, yule asiyefungwa atazeeka akiwa bingwa wa mwembe mmoja, na wajukuu watasimuliwa bila kuamini. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Keram huchezwa kwa kidole kimoja, lakini bingwa hutolewa na mikono mingi.